Barabara ya Kurwa, Barabara ya Doto

Maiti ilikuwa imelala ubavu wa kushoto, goti moja limekunjwa, kiganja cha kulia kimewekwa chini ya shavu. Ingekuwa kitandani, mtu angepita kwa kunyata asimwamshe. Lakini ilikuwa kwenye majani makavu ya njia panda, hatua nne kutoka ukingoni mwa barabara, na nywele za kisogoni zilikuwa zimegandamana kwa damu.

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na magoti yake yalilia kila alipoinama. Askari wadogo walikuwa wamezoea kujifanya hawasikii.

Aliyeiona maiti alikuwa mpimaji wa barabara wa halmashauri, aliyefika saa moja asubuhi ile ya Jumanne kukagua vigingi vyake. Hakuhitaji kuulizwa marehemu ni nani. Kisiwa kizima kilimjua Kurwa, nesi wa Zahanati ya Kaskazini.

Kurwa halikuwa jina lake. Yeye na nesi wa Zahanati ya Kusini walikaa dawati moja shuleni, wakaingia chuo cha uuguzi siku moja, wakashonewa sare na fundi mmoja. Watu wakawaita Kurwa na Doto, pacha wasiochangia tumbo. Huyu akawa Kurwa kwa kuwa ndiye aliyetangulia kila mahali: kufaulu, kuolewa, kupandishwa cheo. Mwenzake hakuulizwa kama jina la Doto analitaka. Lilimganda tu.

Kutoka pale njia panda, barabara moja ilikwenda kaskazini na nyingine kusini, na zote mbili zilikuwa mashimo matupu. Wiki ile watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Halmashauri ilikuwa imeandaa mpango wa miaka mitano wa kuzitengeneza barabara zote za kisiwa, lakini wafadhili walisema wataanza na moja tu, nyingine zisubiri. Wangefika Alhamisi kuikagua na kutia sahihi. Ijumaa iliyopita matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo: Kaskazini alama sabini na moja, Kusini sitini na nane. Mpimaji akaambiwa aanze kupigilia vigingi upande wa Kaskazini.

Sajini aliokota kigingi kimoja mtaroni. Kilikuwa cha mti mgumu, kinene kama mkono wa mtu mzima, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. Kwenye rangi palinasa nywele tatu.

"Hiki ni cha akiba," mpimaji alisema. "Niliacha vitano hapa jana, karibu na lile jiwe la mpaka."

"Jiwe nalo ulilipaka rangi?"

"Ndiyo, afande. Hilo ndilo nililomalizia."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Nilitazama saa kwa sababu gari la ofisi lilikuwa linanisubiri."

Inspekta alilitazama jiwe. Lilikuwa fupi, bapa juu, na rangi yake nyekundu ilikuwa imechubuka sehemu moja, kama kitu kizito kilitulia pale kabla haijakauka. Akamwambia sajini apige picha. Kisha akarudi kuitazama maiti. Mtu aliyepigwa kisogoni huanguka kifudifudi, au huanguka hovyo. Haangukii shavu lake juu ya kiganja. Aliyemuua alikuwa amemlaza.

*

Kufika saa sita mchana, Mkuu wa Kituo alikuwa tayari ana mtu mahabusu.

Mkuu huyo alikuwa kijana wa miaka thelathini na sita. Inspekta mwenyewe ndiye aliyempokea siku alipotoka chuoni, akamfundisha kuandika maelezo ya shahidi na namna ya kumhoji mtu bila kumpandishia sauti. Mwaka uliopita cheo kikaja, na hakikumwangukia mwalimu. Tangu siku hiyo kila Inspekta alipoziona nyota mpya mabegani mwa mwanafunzi wake, alihisi kitu kama mwiba wa samaki kooni. Hauui, lakini humezi mate bila kuukumbuka.

Mkuu alieleza kwa kifupi. Mume wa marehemu, seremala, aligombana na mkewe Jumapili. Majirani walimsikia akisema atamuua. Mke alikuwa na mazoea na Afisa Mipango wa halmashauri. Ndani ya wiki mbili alikwenda ofisini kwake mara tatu. Wivu wa mapenzi, basi. Kesi ifungwe kabla ya Alhamisi, wageni wasikute kisiwa kinanuka damu.

Inspekta alijibu kwamba anahitaji siku mbili. Mkuu akampa moja na nusu. Alipokuwa akitoka mlangoni, Inspekta alijiuliza kama kweli ana shaka na ushahidi, au hataki tu kijana yule awe amepatia. Swali hilo hakulipenda, kwa hiyo akalibeba hadi chumba cha mahojiano.

Seremala alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ulisema utamuua?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Afande, mke wangu alianza kujipamba kwenda halmashauri. Nikimuuliza, ananiambia ni mambo ya barabara. Barabara gani inayotaka mtu avae viatu vya ibada?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Karakana. Natengeneza madawati ya shule. Mwalimu mkuu alikaa na mimi mpaka jua linazama, anasimamia kama vile nitayala."

"Ulimpenda?"

Seremala alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anapumua. "Mtu hamwonei wivu asiyempenda," alisema, kisha akaficha uso mikononi.

Mwalimu mkuu alithibitisha kila kitu, hata idadi ya misumari. Inspekta alimpelekea Mkuu habari hizo, na Mkuu akasema seremala abaki ndani hata hivyo, maana mwalimu mkuu ni binamu wa seremala.

*

Jumanne alasiri Inspekta alikwenda Kusini. Mwendo wa kilomita kumi na moja ulimchukua saa nzima. Bondeni gari lilitambaa kama kobe, gurudumu moja likiingia shimoni huku jingine likitoka, na dereva akasema masika hapa hapapitiki hata kwa punda.

Zahanati ya Kusini ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Doto alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, sare imenyooka, mikono mapajani. Habari zilikuwa zimeshamfika. Alipomwona Inspekta akasimama, akajaribu kusema karibu, akashindwa, akalia kilio cha kweli kilichomtikisa mabega. Inspekta alikuwa ameona vilio vingi vya kuigiza. Hiki hakikuwa kimojawapo.

Alipotulia, aliulizwa kuhusu jana yake. Alieleza kwamba kila Jumatatu huenda hospitali kuu kwa pikipiki ya zahanati kuchukua chanjo. Jana alikwenda asubuhi, akarudi mapema.

"Njia panda ulipita saa ngapi?"

"Saa nane, saa nane na kidogo. Sikusimama, chanjo haingoji."

"Mpimaji ulimwona?"

"Sikumwona mtu."

Inspekta aliandika. Nyuma ya Doto, ukutani, kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho la mahafali, akicheka. Aliuliza ni nani.

"Binti yangu. Alifariki mwaka juzi." Doto hakugeuka kuitazama. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Sasa barabara itajengwa, na kila atakayepita atasema ni ya Kurwa. Wataibandika jina lake. Utaona."

Yalikuwa maneno ya msiba, na watu msibani husema lolote. Lakini Inspekta aliyasikia kwa sikio jingine, sikio ambalo mwaka mzima lilikuwa likisikiliza watu wakimsifu Mkuu wake mpya. Aliijua ile sauti. Ilikuwa yake.

Njiani alijikaripia. Mtu hakamatwi kwa sauti.

*

Daktari wa hospitali kuu alimaliza uchunguzi wa maiti jioni ile, akampigia simu. Marehemu alipigwa pigo moja tu, kwa nguvu, kutoka nyuma. Alikufa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, si papo hapo. Aliishi pengine nusu saa. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Ndani ya jeraha alikuta nyuzi za shashi, ile ya kufungia vidonda.

"Mtu alimkandamiza kidonda ili kuzuia damu, kisha akaiondoa shashi na kwenda nayo," daktari alisema.

"Na vile alivyolazwa?"

"Picha nimeziona. Hivyo ndivyo tunavyomlaza mgonjwa aliyezimia, asipaliwe na matapishi. Kidevu kimeinuliwa, njia ya hewa iko wazi. Mtu wa kawaida hawezi kubahatisha hayo yote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyempiga, au aliyefika baada yake, amesomea kazi hii. Na alijitahidi asife."

Inspekta hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumatano alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa. Watu walikuwa wengi hadi wengine wakasimama nje ya ukuta. Doto alikuwa karibu na kaburi, akimshika mkono mama wa marehemu. Wanawake walikuwa wakimpa pole yeye kwanza, kama ndugu wa damu. Yeye alikuwa akiutazama umati, uso kwa uso, safu kwa safu.

Baada ya mazishi Inspekta alikwenda moja kwa moja kwa Afisa Mipango. Ofisi yake ilijaa ramani zilizokunjwa, na mezani palikuwa na jedwali kubwa la barabara zote za kisiwa: urefu wake, magari na waenda kwa miguu wanaopita kwa siku, shule, zahanati, mashamba, ajali, vifo. Kila kitu kilikuwa na alama zake. Afisa alikuwa mtu mwembamba aliyejifuta jasho hata feni ilipokuwa ikizunguka.

"Alikuja hapa Jumatatu?"

"Watu wengi huja."

"Nimekuuliza yeye."

"Alikuja. Saa nane na nusu."

"Kufanya nini?"

"Mambo ya mpango tu."

"Mume wake yuko mahabusu kwa sababu watu wanadhani mlikuwa na jambo lenu. Ukiendelea hivyo na mimi nitadhani hivyo hivyo, kisha nitakuuliza ulikuwa wapi saa kumi."

Afisa akafungua droo ya chini, akatoa barua iliyokunjwa mara nne chini ya rundo la ramani kuukuu. Aliieleza kabla hajaitoa mkononi, kama mtu anayejitetea mbele ya mkewe. Katika mkutano wa hadhara wa mwezi uliopita, Kurwa alisimama akasimulia habari ya msichana aliyekuwa na mimba ya kwanza, aliyefia ndani ya pikapu iliyokwama matopeni. Ukumbi mzima ulilia. Hakutaja ilikuwa barabara ipi. Afisa alijua Kurwa ni wa Kaskazini, akakiandika kifo hicho kwenye safu ya Kaskazini. Kifo cha mzazi kina alama tatu.

"Bila hizo tatu?"

"Zingekuwa sawa kwa sawa. Sitini na nane kwa sitini na nane."

"Na zikienda zinakostahili?"

"Kusini ndiyo inajengwa kwanza."

Inspekta aliisoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Kwa nini hukuileta polisi?"

"Wageni wanakuja kesho, afande. Kosa ni langu. Nilidhani nitalirekebisha polepole, mwaka ujao."

Alimwacha na jasho lake. Mwanzoni alifikiri kwamba barua ile ingemkasirisha mtu wa Kaskazini, na watu wa Kaskazini ni elfu tatu. Lakini walioijua barua ile walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa amezikwa asubuhi. Aliyemuua Kurwa hakuua kwa sababu ya barua. Aliua kwa sababu hakuijua.

*

Doto alikuwa amesharudi kutoka mazishini na kuvaa sare. Siku ile ilikuwa ya chanjo. Akina mama saba walikuwa kibarazani na watoto wao. Inspekta alisubiri mpaka wa mwisho alipoondoka, na sajini akasubiri pamoja naye akimchekesha kitoto kimoja kwa kofia yake. Kisha wakaingia ndani.

"Sista, lile kasha la chanjo ulilolichukua Jumatatu liko wapi?"

Lilikuwa mezani, la buluu, lenye mkanda. Doto aliliangalia, akamwangalia Inspekta. Sajini alivaa glavu na kulipindua. Kona moja ya chini plastiki ilikuwa imepauka, imesuguliwa kwa spiriti hadi ikakwaruzika. Ndani ya kifereji cha ukingo, mahali ambapo pamba haifiki, palibaki mstari mwembamba mwekundu.

"Hii ni nini?"

"Sijui. Pengine dawa ya vidonda."

"Ni rangi ya jiwe la njia panda. Mpimaji alilipaka saa tisa na nusu. Wewe uliniambia ulipita saa nane, na hukusimama."

Doto aliutazama ule mstari.

"Kurwa alilazwa kama mnavyofundishwa chuoni. Alikandamizwa kidonda kwa shashi. Mume wake ni seremala, hajui hata kufunga kidole chake mwenyewe. Nani mwingine, Sista?"

Alikaa chini taratibu, akiishika sketi ya sare isijikunje vibaya. Nje mtoto alilia, mama yake akambembeleza, sauti ikapotelea njiani.

"Nilimfunga," alisema. "Nilikaa naye. Mapigo yalikuwa themanini, yakashuka sitini. Nikamwambia usilale, Kurwa. Nikamwambia hivyo hivyo mpaka basi."

"Kwa nini hukuita msaada?"

"Kwa barabara ipi, afande?"

Inspekta alimwacha aseme. Na alisema, kwa utaratibu, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Ijumaa aliliona tangazo ubaoni. Chini ya Kaskazini palikuwa na maelezo madogo: kifo cha mzazi, mwaka juzi. Mwaka juzi hakikutokea kifo kingine cha mzazi kisiwani zaidi ya kimoja. Kilitokea pale bondeni, na aliyekuwa akisukuma pikapu upande wa kushoto alikuwa Kurwa, na aliyekuwa ndani akimshika mtoto wake kichwa alikuwa yeye.

"Maisha yangu yote yeye ndiye wa kwanza," alisema. "Nilizoea. Akifaulu, nampongeza. Akiolewa, nampikia. Nikajiambia, sawa, wa kwake ni wake. Lakini hiki kilikuwa changu. Hiki kimoja. Hata kifo cha mwanangu kikaenda kumjengea yeye barabara."

Jumatatu, saa kumi, alimkuta Kurwa ameketi njia panda juu ya mawe, peke yake. Alisimamisha pikipiki, akashusha kasha akaliweka juu ya jiwe. Kurwa alikuwa akitabasamu. Alisema, shoga yangu, kaa kwanza, nina habari ya kukupa. Akageuka kufungua mkoba wake.

"Nilidhani anataka kunitambia. Nilidhani atanionyesha mwaliko wa kusimama mbele ya wafadhili. Kile kigingi kilikuwa hapo. Sikumbuki kukiinua. Nakumbuka uzito wake tu, baadaye."

Inspekta alitoa barua mfukoni. Kwa muda alifikiri asimpe. Mahakamani angeisikia hata hivyo, mbele ya watu. Akaiweka mezani kando ya kasha la buluu.

Doto aliutambua mwandiko kabla ya maneno. Walikuwa wakinakiliana madaftari tangu wakiwa na miaka saba. Alisoma midomo ikitembea: *Kifo kile hakikutokea kwenye barabara yetu. Kilitokea Kusini, bondeni, nami nilikuwepo. Alama zile si zetu. Ziondoeni kwetu mziweke zinapostahili. Sisi tutasubiri zamu yetu.*

"Aliipeleka lini?"

"Jumatatu. Saa nane na nusu."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepima dozi.

"Kwa hiyo alikuwa ameketi pale akiningoja mimi."

"Ndiyo."

Hakulia. Aliinuka, akafunga kabati la dawa, akampa sajini funguo, akamweleza ipi ni ya jokofu na kwamba chanjo zilizobaki zisikae nje. Kisha akatia sahihi maelezo yake.

Seremala aliachiwa kabla ya magharibi. Alhamisi Afisa Mipango alisimama mbele ya wageni, jasho likimtiririka, akasoma alama mpya: Kusini sabini na moja, Kaskazini sitini na nane. Mpimaji alivihamisha vigingi vyake siku hiyo hiyo.

Lakini Jumatano ile, safari ya kurudi kituoni ilikuwa bado kwenye mashimo yale yale. Doto aliketi kiti cha nyuma, Inspekta kando yake. Bondeni dereva alipunguza mwendo mpaka gari likawa kama linafikiri. Doto aliangalia nje, upande wa kulia, kwenye vichaka fulani visivyo na tofauti na vingine.

"Unajua lililo baya zaidi, afande?" alisema. "Leo asubuhi makaburini nilijikuta nawahesabu waliokuja kumzika. Nikafika mia tatu na zaidi. Nikasema moyoni, kwa mwanangu hawakufika mia."

Gari liliingia shimoni, likatoka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze Inspekta alitamani kufika ofisini kwa mwanafunzi wake, ampigie saluti, amwambie kesi imekwisha.